VPN imegoma baada ya sasisho: kinachotokea ndani ya kompyuta yako

Swali hili haliishi katika makundi ya WhatsApp ya watu wanaofanya kazi za mtandaoni, kuanzia Nakuru hadi Kisumu na Kakamega: "Jamani, VPN yangu imegoma tangu jana usiku. Ni mimi tu ama serikali imefunga?" Majibu humiminika. Mmoja atalaumu kampuni ya mtandao. Mwingine atasema bando limeisha bila mwenyewe kujua. Wa tatu atamshauri apeleke laptopu kwa fundi ikapigwe Windows upya. Na mara nyingi yuko mtu mmoja anayeuliza jambo la maana kuliko yote, akapitwa kana kwamba hakusema kitu: "Kwani kompyuta yako ilijiapdeti?"

Anayeshuku serikali ana sababu. Novemba 2023, wakati wa KCSE, mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne, Telegram ilikuwa haipatikani vizuri nchini Kenya, na Novemba 2024 ikawa vivyo hivyo. Tarehe 25 Juni 2024, siku waandamanaji walipoingia Bungeni Nairobi, intaneti ilidorora nchini. Mtu aliyepitia hayo akiona VPN yake haiunganishi, mawazo yake yataelekea huko kwanza. Lakini siku nyingi za mwaka hakuna mtihani wala maandamano, na VPN bado hufa. Hufa asubuhi, baada ya usiku ambao kompyuta ilijizima na kujiwasha. Hufa kwenye mashine moja, huku ya jirani aliye kwenye Wi-Fi ile ile ikiendelea na kazi. Hapo chanzo kimo ndani ya mashine yenyewe.

Kwanza tuelewane. VPN ni programu inayofungua njia ya faragha ndani ya intaneti ya kawaida. Unachotuma husimbwa, yaani hugeuzwa kiasi kwamba mtu mwingine hawezi kukisoma, kisha hupelekwa kwenye seva ya VPN, na seva hiyo ndiyo inayokitoa kwenda kinakokwenda. Ndivyo mhasibu aliye Njoro anavyofungua faili za ofisi iliyo mjini Nakuru kana kwamba ameketi pale pale. Ndivyo mwanafunzi aliye kwao Vihiga anavyosoma majarida ya kulipia ambayo maktaba ya chuo imeyafungulia wanachuo tu. Na ndivyo vijana wengi wanaofanya unukuzi, uhasibu au huduma kwa wateja wa kampuni za ng'ambo wanavyoingia kazini kila siku bila kuvuka hata lango la mtaa. Kwa watu hao, VPN ikifa saa tatu asubuhi, zamu imepotea, na pengine mteja pia.

Mfumo endeshi ni programu mama inayoendesha kifaa: Windows, macOS, Android, iOS, Linux. Sasisho, ambalo wengi tunaliita apdeti, ni marekebisho ya programu hiyo mama. Toleo la majaribio ni sasisho linalotolewa kabla ya kukamilika, ili watu waliojitolea walitumie na kuripoti kasoro kabla halijawafikia wengine wote.

Programu nyingi ndani ya kompyuta zinaishi kama wapangaji wa kawaida kwenye ploti. Wanafungua mfereji, maji yanatoka, na hawana haja ya kujua bomba limepitia wapi. VPN ni yule mpangaji aliyemwita fundi akakata bomba kuu kati ya tangi na nyumba, akapachika chujio lake hapo katikati ili kila tone lipite kwake kwanza. Mwenye ploti akiamua kubadilisha mabomba, aweke ya kipimo kingine au ayapitishe upande wa pili wa ukuta, wapangaji wengine hawataona tofauti yoyote. Mwenye chujio ataamka akute kukavu. Chujio lenyewe ni zima na mwenye ploti hakumlenga. Ni kwamba kiungo kilichoshikanisha vitu viwili hakitoshei tena.

Ndiyo maana mtu hushangaa: "Mbona YouTube inacheza, Word inafunguka, na ni VPN tu imegoma?" Word inatumia mfereji. VPN imejipachika kwenye bomba.

Ukitaka kuiona kwa macho, fungua orodha ya kadi za mtandao kwenye kompyuta yenye VPN. Pamoja na kadi ya Wi-Fi na ile ya waya, utakuta nyingine ambayo hukuinunua dukani. Huenda ikawa na neno TAP, au Wintun, au jina la VPN yako. Hiyo ni kadi bandia. Haina umbo wala waya. Ni programu inayojifanya kadi ili kompyuta ipitishie kila kitu humo. Inayoifanya ionekane kama kifaa halisi ni draiva, kipande cha programu kinachokaa chini kabisa, karibu na kiini cha mfumo endeshi, mahali ambapo programu za kawaida haziruhusiwi kugusa.

Huko chini ndiko kila toleo jipya linakofanyiwa ukarabati mkubwa. Kanuni za kuingia nazo zimekuwa zikikazwa mwaka baada ya mwaka, kwa sababu nzuri: draiva mbovu inaweza kuangusha mashine nzima, na draiva ya mwizi inaweza kuona kila kitu. Kuanzia toleo la 1607 la Windows 10, lililotoka Agosti 2016, Microsoft ilianza kudai kwamba draiva mpya za kiini zipitie kwake na zipewe sahihi yake. Windows 11 ina ulinzi wa ziada wa kumbukumbu ambao hukataa kupakia draiva za zamani zisizokidhi masharti. Apple ilifungua njia mpya ya programu za aina hii katika macOS Catalina mwaka 2019, na kufikia Big Sur mwaka 2020 mlango wa zamani ukawa umefungwa kwa sehemu kubwa. Kila kanuni ilipobadilika, VPN ambayo watengenezaji wake hawakuwa wamejiandaa iliachwa nje.

Kadi bandia ni mwanzo tu. VPN pia huandika upya jedwali la njia, linaloiambia kompyuta kila mzigo upitie wapi, na hubadilisha DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya nambari. Jedwali likivurugwa, VPN itasema imeunganishwa, rangi ya kijani itawaka, lakini hakuna ukurasa hata mmoja utakaofunguka. Hali hiyo huwachosha watu kuliko zote, kwa sababu programu inaonekana nzima.

Halafu kuna kufuli. Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo lawama nyingi zinaporushwa kwa asiyehusika. VPN nyingi zina kifaa cha tahadhari: njia ya faragha ikikatika ghafla, intaneti yote inafungwa papo hapo ili siri zako zisivuje kwa njia ya kawaida. Kufuli hiyo ni sheria zilizoandikwa ndani ya kichujio cha mfumo endeshi. Sasa chukulia sasisho limeingia usiku. Programu ya VPN haiwezi kuwaka tena, lakini sheria zake za kufunga zimebaki pale pale. Asubuhi mtu anaona Wi-Fi imeshika, mistari yote mitatu imejaa, na hakuna kitu kinachofunguka. Anazima ruta na kuiwasha. Anapiga simu kwa kampuni ya mtandao na kusubiri nusu saa akisikiliza muziki. Ananunua bando kwenye simu, anawasha hotspot, nayo inagoma vile vile kwenye laptopu, na hapo anaamini mtandao wa nchi nzima umefungwa. Kumbe laptopu yenyewe ndiyo imejifungia ndani na aliyeshika ufunguo amelala. Kuondoa programu ya VPN kabisa, kuiwasha kompyuta upya, kisha kuiweka VPN toleo lake jipya, hutatua tatizo hili mara nyingi.

Kuna pia VPN za ofisini ambazo hazijaharibika hata kidogo, zimemkataa mtumiaji. Kabla ya kumfungulia mfanyakazi mlango, seva ya kampuni huweza kukagua kompyuta yake: ina kinga ya virusi? Mfumo endeshi ni toleo gani? Ukiwa na toleo la majaribio, nambari yake inaweza kuwa haimo katika orodha ya matoleo yanayokubalika, nawe ukaachwa nje. Hapo huna la kurekebisha kwenye mashine. Ni kuzungumza na watu wa IT wa ofisi, au kurudi kwenye toleo la kawaida.

Kuhusu Windows, watu huchanganya vitu viwili vinavyoitwa majaribio. Cha kwanza ni mpango wa Windows Insider, ulioanzishwa mwaka 2014, ambao mtu hujiandikisha kwa hiari. Mwaka 2023 uligawanywa katika ngazi za Canary, Dev, Beta na Release Preview; Canary ikiwa mbichi kabisa na Release Preview ikiwa ndiyo iliyokaribia kuiva. Cha pili ni masasisho ya hiari ya kila mwezi, ambayo humfikia mtu yeyote bila kujiandikisha popote. Sasisho kuu la usalama hutoka Jumanne ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, ambayo kwetu ni saa mbili au saa tatu usiku kutegemea majira yao. Lile la hiari kwa kawaida hutoka wiki ya nne, isipokuwa Desemba. Lina marekebisho yatakayoingizwa katika sasisho kuu la mwezi unaofuata. Kwa maneno mengine, anayelichukua mapema anakuwa mjaribu wa mwezi ujao, ajue asijue.

Na wengi hawajui. Katika mipangilio ya Windows Update ya Windows 11 kuna swichi inayouliza kama ungependa kupata masasisho ya karibuni mara tu yanapopatikana. Inasikika kama jambo jema, mtu anaiwasha. Kuanzia hapo anapokea mambo ya hiari kabla ya wengine. Kama kompyuta hiyo ndiyo inayokulisha, izime.

Haya ni mambo yaliyokwisha kutokea. Tarehe 28 Oktoba 2025 Microsoft ilitoa sasisho la hiari la Windows 11, nambari KB5067036. Watengenezaji wa programu wanaoendesha Linux ndani ya Windows kwa kutumia WSL, wakiwa wameiweka katika hali ya kuakisi mtandao wa kompyuta, wakakuta hawafikii tena seva za ofisi kupitia VPN kama Cisco Secure Client na OpenVPN. Windows yenyewe ilifika. Linux iliyo ndani yake ikaambiwa hakuna njia. Chanzo kilikuwa kile kile cha kadi bandia: ilikuwa haijibu inapoulizwa anwani fulani ni ya nani. Na kasoro hiyo haikuishia kwa waliojaribu mapema. Ilifuata katika masasisho ya kawaida yaliyokuja baadaye, hadi ya Desemba.

Nalitaja hilo la mwisho kwa makusudi, maana kuna wanaodhani mwenye toleo la kawaida yuko salama moja kwa moja. Tarehe 11 Januari 2022, sasisho la usalama la kawaida kabisa liliua VPN za aina ya L2TP kwenye Windows 10 na 11. Marekebisho ya dharura yakatoka tarehe 17, siku sita baadaye. Masasisho ya Aprili 2024 nayo yalikata VPN kwa baadhi ya watumiaji, na ufumbuzi ukaja tarehe 14 Mei. Kwa upande wa Apple, macOS Sequoia ilipotoka Septemba 2024, programu kadhaa za usalama na za VPN ziliyumba kwa sababu ya mabadiliko katika mambo ya mtandao, hadi toleo la 15.0.1 lilipotoka Oktoba. Tofauti ni hii: toleo la kawaida likivunja kitu, mamilioni ya watu hulalamika kwa pamoja na kampuni hukimbia. Toleo la majaribio likivunja kitu, hiyo ndiyo kazi lililotolewa kuifanya, na hakuna anayedaiwa haraka.

Wakati mwingine sasisho huondoa kitu kwa makusudi. PPTP, njia ya VPN ya miaka ya tisini, iliondolewa katika iOS 10 na macOS Sierra mwaka 2016 kwa sababu usalama wake ulikuwa umeshavunjwa. Android 12 ya mwaka 2021 haikuruhusu tena kutengeneza muunganisho mpya wa PPTP au L2TP kwa mipangilio yake yenyewe. Ofisi ikiwa bado inatumia ruta ya zamani yenye PPTP, mfanyakazi anayesasisha simu au Mac yake ndiye anayeumia kwanza, na hakuna fundi atakayemsaidia. Ofisi ndiyo inayopaswa kuhama. Vivyo hivyo kwa Cisco VPN Client ya zamani, ambayo kampuni yenyewe iliacha kuihudumia mwaka 2014. Watu waliohamia Windows 10 mwaka uliofuata wakiwa nayo walihangaika.

Simu huwa na nafuu kiasi. Tangu Android 4.0 mwaka 2011, mfumo umezipa programu za VPN mlango rasmi wa kuingilia, kwa hiyo hazihitaji kujichimbia chini sana. Kwa watu wa Busia na Malaba wanaovuka mpaka kila siku, hili lina maana. Uganda ilitoza kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 za huko kwa siku kuanzia Julai 2018, ikafunga Facebook Januari 2021, na VPN kwenye simu ikawa kitu cha kawaida kama laini ya pili. Simu hizo zimepitia masasisho mengi na VPN nyingi zikabaki hai.

Nafuu hiyo ya simu inatupa pia kipimo rahisi kuliko vyote. VPN yako ikigoma kwenye laptopu, weka VPN ile ile kwenye simu, ingia kwa akaunti ile ile, tumia Wi-Fi ile ile. Ikiunganisha, basi kampuni ya mtandao haijakufungia, serikali haijafunga, na akaunti yako haijaisha. Tatizo liko kwenye laptopu. Ikigoma kwenye simu pia, zima Wi-Fi ujaribu kwa bando la simu. Ikishika hapo, mtazame mwenye Wi-Fi. Ikigoma kote, ndipo uanze kufikiria seva ya VPN yenyewe au kufungwa kwa mtandao.

Kuna ushauri unaosambaa ambao lazima nipambane nao. Wa kwanza ni kuzima kinga ya virusi na ukuta wa moto (firewall) "ili VPN ipumue". Kama draiva imekataliwa kwa kukosa sahihi halali, kuzima ulinzi ili ipite ni kumwachia mlango yeyote mwingine mwenye draiva chafu, na kompyuta hiyo ndiyo unayoingilia kwenye benki na iTax, tovuti ya kodi. Wa pili ni kupakua VPN "iliyofanyiwa kazi" kutoka kundi la Telegram. VPN hupitisha kila unachotuma. Aliyeikarabati kwa siri anaweza kuona unakokwenda, na pengine zaidi ya hapo. Pakua kwa mwenyewe aliyeitengeneza, au kwenye duka rasmi la programu. Wa tatu ni ile imani kwamba VPN hutoa intaneti ya bure. Kinyume chake, hula bando zaidi kidogo, kwa kuwa kila mzigo hufungwa karatasi ya ziada kabla ya kusafirishwa.

Kuhusu kupiga Windows upya, ambako mafundi wengi wa mitaa ya Kenyatta Avenue au Oginga Odinga hukimbilia: kunafaulu, kwa sababu kunafuta kila kitu likiwemo lile sasisho. Lakini kunafuta pia nyaraka ambazo hukuzihifadhi kwingine, na wiki mbili baadaye Windows italeta sasisho lile lile. Mwambie fundi, "Naomba kwanza tuangalie orodha ya masasisho yaliyoingia karibuni." Fundi mzuri hatakasirika.

Orodha hiyo imo ndani ya Windows Update, kwenye historia, na chini yake kuna mahali pa kuondoa sasisho. Tazama tarehe. Kama kuna lililoingia siku moja kabla ya VPN kufa, una mshukiwa. Lakini kabla ya kuliondoa, tembelea tovuti ya VPN yako uone kama wametoa toleo jipya, kwa kuwa mara nyingi wametoa, na kulisakinisha kunamaliza kazi. Likikosekana, tofautisha. Kuondoa sasisho la hiari hakukupotezei ulinzi, kwani unarudi kwenye sasisho la usalama la mwezi huo. Kuondoa sasisho la usalama ni jambo jingine: unaacha matundu ambayo wahalifu tayari wameshaambiwa yalipo. Fanya hivyo ukiwa huna njia nyingine, kwa siku chache, na ulirudishe mara marekebisho yanapotoka.

Aliyejiandikisha kwenye Windows Insider ana safari ndefu zaidi. Baada ya kupokea toleo jipya kubwa ana siku 10 za kurudi nyuma kwa urahisi. Zikipita, na kama yuko Canary, njia ya kutoka ni kusakinisha Windows upya kuanzia sifuri. iPhone yenye toleo la majaribio nayo hufutwa ndipo irudi, na nakala ya akiba iliyotengenezwa ikiwa kwenye majaribio haikubali kurejeshwa kwenye toleo la nyuma. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kujiunga ni kama una mashine ya pili. Kama huna, subiri. Vipengele vipya vitakufikia, na vitakufikia vikiwa vizima.

Wanunuzi wa laptopu zilizotumika wawe macho zaidi, kwa sababu wanaweza kuwa Insider bila kuchagua. Washa mashine dukani, utazame kona ya chini kulia ya skrini, juu ya saa. Ukiona maandishi madogo yanayosema "Evaluation copy", yaani nakala ya tathmini, na nambari ndefu ya toleo, hiyo ni Windows ya majaribio. Muuzaji aibadilishe kabla hujalipa.

Kwa wale wenye mashine moja na kazi inayotegemea VPN, Windows 11 inaruhusu kusimamisha masasisho hadi wiki tano. Sidhani ni busara kuyazima moja kwa moja. Lakini kuyasogeza wiki moja baada ya Jumanne ya pili, ili wengine wagundue kasoro kwanza, ni jambo la haki kabisa. Pia unaweza kuiambia Windows kwamba hotspot ya simu yako ni mtandao wa kupimwa (metered), yaani wenye bando la kuhesabiwa. Masasisho mengi hayatajipakua yenyewe juu ya bando lako, na utachagua mwenyewe siku ya kuyapokea. Siku hiyo isiwe ile uliyo na kazi ya kuwasilisha kesho yake.

Na ukilazimika kuwaandikia watu wa VPN au IT ya ofisi, usiandike tu kwamba imegoma. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, ubonyeze Enter. Kidirisha kitafunguka chenye toleo na nambari yake. Nakili nambari hiyo, tarehe ya sasisho la mwisho, toleo la VPN, ujumbe wa kosa kama ulivyo kwenye skrini, na matokeo ya kile kipimo cha simu. Eleza kama programu haifunguki kabisa, inafunguka bila kuunganisha, au inaunganisha bila kitu kupita, kwa kuwa matatizo hayo matatu hutafutwa mahali tofauti. Mwenye toleo la majaribio aliseme wazi, na aripoti pia kwa Microsoft kupitia Feedback Hub iliyo ndani ya Windows. Ripoti hizo ndizo zinazoweza kuizuia kasoro isiingie katika sasisho la Jumanne ya pili, ambalo litafika kwenye kompyuta ya jirani yako ambaye hakuchagua kujaribu chochote.